Mkunga Aliyengoja Kondo la Wimbo

Sogeza kiti chako upande wa kulia, msikilizaji wangu. Hapo hapo. Mkunga alikuwa akituweka hivyo wote tuliomtembelea, kwa sababu sikio lake la kushoto lilikwisha kustaafu na la kulia lilikuwa likiandika barua ya kuomba. Mimi nasikia vizuri pande zote mbili, lakini nikianza kumsimulia mtu huyu nikiwa nimekaa kwingine maneno yananipotea. Na usiogope. Habari yenyewe ni ya kompyuta, tena ya kuchagua mfumo endeshi wa kusikilizia muziki nyumbani, jambo ambalo watu wengi hulikimbia kama sindano. Tutakwenda polepole. Yeye aliingia kwenye mambo haya akiwa na meno sita na akaelewa. Wewe mwenye meno yako yote utashindwaje?

Jina lake sitalitaja, na hata ningelitaja usingepata mtu wa kukuonyesha nyumba. Bagamoyo tulimwita Mkunga, na mbele yake Bi Mkunga. Nusu ya mtaa wetu ilipita mikononi mwake kabla hajastaafu, na mimi nimo. Ni vigumu kumnyima kitu mtu aliyekuona uchi kabla ya mama yako. Mimi, kwa bahati mbaya, nilitanguliza miguu, na Mkunga hakunisamehe. Nilipoota ndevu, nilipooa, nilipofungua chumba changu cha kutengeneza kompyuta karibu na soko, salamu yake ilibaki ile ile.

"Shikamoo, Bi Mkunga."

"Marahaba. Leo umekuja na kichwa, au miguu peke yake?"

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa iliyokuwa safi kuliko sahani za watu. Alinawa kabla ya kula, kabla ya kusalimiana, kabla ya kumkanya mtu. Tasbihi haikumtoka mkononi wala matusi hayakumkauka mdomoni, na sijapata kuona kimoja kikimzuia mwenzake. Aliweza kukaa na mzazi siku mbili bila kunung'unika, lakini chai ikichelewa kuchemka aliigombeza birika kama binadamu. Alichukia umbeya kwa dhati, na kiti chake kilikuwa dirishani.

Neno lake kubwa lilikuwa swali la maneno mawili: "Kondo je?"

Nikueleze, maana bila hilo hutaelewa kilichotokea. Mtoto akishatoka na kulia, watu hupiga vigelegele na kwenda kunywa chai. Mkunga hubaki amekaa. Kondo la nyuma bado halijatoka, na hapo ndipo hatari ilipo. "Wengi hawakufa kwa mtoto," alikuwa akisema. "Walikufa kwa haraka ya wanaoshangilia." Basi swali hilo akalitoa chumbani kwa wazazi akalipeleka kila mahali. Fundi akimaliza ukuta na kudai soda, "Kondo je?" Fundi alijua maana yake ni kwamba vifusi bado viko uani. Mgombea akimaliza kuhutubia uwanjani na makofi yakitulia, sauti ya Mkunga ilisikika kutoka nyuma: "Kondo je?" Mgombea alidhani anashangiliwa na kupunga mkono.

Marehemu mumewe nilimjua vizuri. Alikuwa mtu mpole, mwenye akili ya kujenga kuliko ya kuoa. Alijenga nyumba moja yenye milango miwili ya mbele na ukuta mmoja katikati. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Mkunga, wa pili wa mke mdogo, ambaye sote tulimwita Bi Mdogo. Wanawake hao waliishi vizuri kwa miaka mingi, wakikopeshana chumvi na kumsema mume kwa zamu. Mume akafariki, wakakaa eda pamoja, na siku ya kutoka eda, mbele ya wageni, wakagombana. Chanzo kilikuwa kitu kidogo, nani aanze kutoka mlangoni, lakini Mkunga akavuka mpaka. Alisema: "Na hilo dada, dada, lako hukuwahi kuniita kwa moyo. Uliniita kwa sababu ya ndoa."

Kwetu mke mdogo humwita mkubwa dada. Ni adabu, hata kama angependa kumwita kitu kingine. Bi Mdogo hakupandisha sauti. Alijibu: "Kumbuka vizuri." Akaingia kwake, akafunga.

Tangu siku hiyo walizungumza kwa nyimbo. Usicheke, huku pwani mtu anaweza kukutukana kwa saa nzima bila kufungua mdomo, akiwa na redio tu. Mkunga alifungulia taarabu yenye fumbo la rafiki mnafiki, akageuza spika ikatazama ukuta. Baada ya chakula cha mchana jibu lilikuja kutoka upande wa pili: fumbo la mwenye wivu asiyelala. Majirani tulifuatilia kama mpira. Kuna siku umeme ulikatika katikati ya jibu la Bi Mdogo, na mtaa mzima ukaguna.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Binti yake Mkunga, anayefanya kazi Dar, alimletea laptopu ya mkono wa pili na spika mbili nzuri, kwa kuwa redio kaseti ilikuwa imeanza kutafuna utepe. Mimi nikapewa maboksi mawili ya kanda nizihamishie ndani ya mashine. Kazi hiyo niliifanya kwa moyo. Nilicheza kila kanda, nikainasa, nikapunguza mvumo, nikaondoa kelele za mwanzo na za mwisho, kila wimbo nikauweka safi kama yai lililomenywa. Kisha nikafuta rekodi ghafi, maana zilijaza diski, na nikamwambia mama wa watu, kwa sauti ya mtaalamu: "Bi Mkunga, kanda hizi sasa ni takataka."

Sentensi hiyo iweke pembeni. Tutairudia, na mimi sitafurahi.

Katika kanda zote zile, Mkunga alijali moja. Ilirekodiwa zamani kwenye harusi huku huku mjini, mashine ikiwa imewekwa chini ya kiti. Alichotaka ni kuusikia wimbo wa mwisho wa kanda ile, mpaka mwisho wake, kabla sikio la kulia halijafunga duka. Daktari alikwisha mwambia kwamba litafunga, hakumwambia lini. Kwa nini wimbo huo, hakusema. Aliniambia tu: "Kuna kitu nataka kuhakikisha." Nikadhani ni shairi.

Sasa tufike kwenye mifumo. Mfumo endeshi, msikilizaji wangu, ni mama mwenye nyumba wa kompyuta. Wewe unabofya wimbo. Programu ya muziki inaomba wimbo huo. Mama mwenye nyumba ndiye anayefungua kabati, anautoa, anaupeleka kwenye spika na kuwaambia wengine ndani wanyamaze. Mashine ni ile ile, nyimbo ni zile zile, lakini ukibadili mwenye nyumba tabia ya nyumba hubadilika. Kampuni zao zina majina. Mkunga aliziita kwa picha zilizo juu ya kifuniko na kwenye kioo, na mimi nitamfuata. Kulikuwa na Dirisha, Tunda, na Ndege Asiyeruka. Yeye aliwaita wote watatu wake wenza, na alisema anayejua uke wenza hahitaji kusoma kompyuta.

Dirisha ndiye aliyekuja na laptopu. Ni mwenyeji, kila mtu anamjua, na kila kifaa utakachonunua dukani kitasikilizana naye. Kasoro yake ni maneno mengi. Mwimbaji anavuta pumzi, fidla inapanda, mara *ding!*, kuna ujumbe. Mkunga aliruka kitini kila mara. "Nani anabisha hodi katikati ya kilio?" Nikamwonyesha mahali pa kuzima arifa hizo, na wewe ukienda kwenye mipangilio utapaona; si kazi ngumu. Kisha yakaja masasisho, ile hali ya mashine kujirekebisha yenyewe na kukuandikia asilimia. Nilimkuta amekaa mbele ya kioo, mikono amenawa, anakitazama kwa utulivu wa kazini.

"Thelathini," akasema. "Njia bado haijafunguka. Asisukume."

"Bi Mkunga, hilo linachukua muda tu."

"Unanifundisha mimi?"

Alikaa naye mpaka mia moja. Mashine ilipozima na kujiwasha, akataka kujua kondo liko wapi.

Malalamiko makubwa yakafuata. "Hii mashine inakata," akasema. "Ule wimbo inaukata mwisho." Nikachunguza, na kweli nikakuta kitu: programu ya muziki ilikuwa na alama ya vema mahali panaposema wimbo unaofuata uanze kabla uliopo haujaisha, ili sherehe isipoe. Nikaondoa alama ile, nikapangusa mikono. Jioni yake nikaitwa tena.

"Inakata."

"Inakata wapi, Bi Mkunga?"

"Mwisho."

"Lakini wimbo umeisha. Fidla imemaliza, makofi yamepigwa."

"Kondo je?"

Nikadhani ni ule msemo wake tu. Kuna adhabu ya pekee anayopata mtu anayemzoea mzee: anaacha kumsikiliza. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua kwamba tatizo ni Dirisha, kwa sababu kulaumu mfumo endeshi ni rahisi kuliko kufikiri. Mafundi tuna ugonjwa huo.

Binti yake alipokuja likizo aliacha mashine yake ya Tunda kwa wiki mbili. Tukaijaribu. Nitasema haki: sauti ilitoka laini, kioo kizuri, hakuna hodi za ovyo. Lakini Tunda ni mke wa madaha. Alitaka anwani ya barua pepe, alitaka nywila yenye herufi kubwa na namba, na hakuwa na tundu la kuchomekea flashi tuliyokuwa nayo. "Mgeni hana mdomo," Mkunga akasema, akiizungusha mashine ubavu hadi ubavu. "Nitamlisha wapi?" Tulipopata kifaa cha katikati cha kuunganishia, nyimbo zikaingia, na juu ya kila wimbo mashine ikaandika *Msanii Asiyejulikana.* Mkunga akauliza maana, nikamweleza.

"Asiyejulikana na nani?" Akawa mkali kweli. "Huyu nimemzalisha watoto wanne!"

Kosa halikuwa la Tunda. Wimbo uliotoka kwenye kanda hauna kibandiko. Ni lazima wewe uandike jina la mwimbaji na la wimbo, moja baada ya jingine, na mfumo wowote utasema hivyo hivyo usipofanya. Tulikaa alasiri tatu tukiandika. Alikumbuka mpiga dumbaki wa kila kanda, aliyemwoa, na kwa nini waliachana. Wimbo wa mwisho wa kanda ile ya harusi tuliuandika jina, tukaucheza.

"Na huyu pia anakata," akasema, safari hii polepole, na akashika sikio lake la kulia kama mtu anayepapasa mfuko kuona kama kuna kitu kimebaki.

Nikamletea Ndege. Mimi nampenda Ndege, sitaficha. Hauzwi, hutolewa bure. Ni mwepesi, na laptopu iliyochoka humfaa. Huamka upesi na hufanya ulichomwambia bila kukupa ushauri. Nilijaa mahubiri siku ile.

"Ndege gani asiyeruka?" Mkunga akauliza. "Kuku?"

"Si kuku, Bi. Anaishi kwenye barafu."

"Haruki, hachinjwi, anakaa kwenye barafu. Wa nini huyu?"

"Wa muziki."

Nikamsakinisha. Nikachagua programu ndogo ya kuchezea nyimbo, isiyopamba wala kupunguza. Mkunga akakaa, sikio la kulia karibu na spika. Wimbo ukaanza, ukaenda, ukaisha. Makofi. Kimya. Alingoja. Alingoja sana, mikono juu ya magoti, kama nilivyosikia kwamba alikuwa akingoja na wazazi. Kisha akafunika laptopu.

"Mwanangu," akasema, na alikuwa hajaniita hivyo tangu nioe, "wote watatu wanakata mahali pamoja. Wake wenza hawakubaliani hivyo. Kuna mtu amewafundisha."

Sikuelewa. Nilielewa baada ya siku chache, nikiwa kazini. Nilikuwa nasafisha rekodi ya harusi ya mteja mwingine. Wimbo ukaisha, makofi yakapungua, nami nikapeleka mkasi wa programu kwenye sekunde ya mwisho ya makofi, kama kawaida yangu, ili nitupe zile kelele za viti. Mkono ukasimama wenyewe. Kelele za viti! Nilikuwa nimekata mwisho wa kila kanda ya Mkunga kwa mkono wangu, kisha nikatumia miezi kuituhumu mifumo.

Nilikwenda kukiri. Nilimsalimu, hakuuliza habari ya kichwa na miguu. Nadhani aliona nimekuja na vyote. Nikaeleza. Hakunitukana, na hilo liliniumiza zaidi.

"Baada ya makofi," akasema, "kulikuwa na maneno. Mwanamke anaita. Nilikuwa nayasikia kila mara kwenye redio yangu, miaka na miaka, bila kuyajali. Tangu ule ugomvi nataka kuyasikia tena, ila niliogopa kuitia kanda ile kwenye redio inayotafuna utepe. Nataka nijue kama nayakumbuka sawa au nimeyatunga mwenyewe."

"Mwanamke gani?"

Akaelekeza ukutani kwa kidevu. "Kanda ile ni ya kabla hajaolewa humu. Alikuwa shoga yangu tu, hana ndoa ya kumlazimisha. Kama aliniita dada siku ile, basi nilimkosea mbele ya watu. Kama hakuniita, sikukosea. Sasa kanda yenyewe iko wapi?"

Hapo ndipo sentensi yangu ya mtaalamu iliporudi na kukaa kati yetu. Nilimwambia ni takataka, na yeye hakuwa mtu wa kutupa takataka ovyo. Alizipeleka kwa mtoto wa kaka yake kule Mkange, anayelima mpunga. Utepe wa kanda, kama hujaona, hutandazwa juu ya shamba kutoka mti hadi mti. Upepo ukipita hung'aa na kuvuma, na ndege hukimbia.

Nilichukua pikipiki mpaka Mkange. Mkulima alinipokea vizuri, akanipa maji, akanipeleka shambani.

"Kanda za shangazi? Hizo hapo, zinaimba."

Kweli zilikuwa zinaimba: vvvvvv, noti moja, kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho. Juu ya utepe walikaa kwelea kwelea kumi hivi, wamejipanga.

"Hawaogopi?" nikauliza.

"Mwezi wa kwanza waliogopa. Sasa wameupenda muziki. Huyo wa pembeni anatingisha mkia, muone."

Nilimweleza Mkunga. Alicheka mpaka akapaliwa, akapiga paja, akarudia "anatingisha mkia" mara tatu. Halafu kicheko kikaisha akatazama dirishani. "Zilitolewa mbili," akasema. "Bwana harusi alitugawia. Ya pili anayo huyo wa nyuma ya ukuta."

"Nikamwombe?"

"Nenda. Mimi miguu inaniuma."

Miguu yake ilikwenda sokoni na kurudi kila asubuhi, lakini nikaenda.

Bi Mdogo ni mwanamke mfupi anayeshona kofia za viua, sauti yake ndogo, na ukidhani sauti ndogo ni upole utajuta. Alinisikiliza bila kuinua macho kwenye sindano.

"Dada amekutuma?" akauliza.

Niliona alivyosema dada.

"Amenituma, Bi."

"Wewe ndiye uliyekata?"

"Mimi."

"Basi kanda haitoki humu. Vilivyotoka vimeishia kwa ndege." Kumbe kicheko cha Mkunga kilipita ukutani chote. "Anayetaka kusikia aje. Mwambie mlango haujahamishwa."

Nilipofikisha ujumbe, Mkunga alinuna siku mbili. Nyimbo zilinyamaza pande zote, na mtaa ukawa na wasiwasi. Siku ya tatu baada ya alasiri alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akajifunga kanga mpya, akachukua mashine yake ya kupimia presha, akaniambia nibebe laptopu na redio kaseti niliyoazima. Kutoka mlango wake hadi wa Bi Mdogo ni hatua kumi na moja. Tulizitembea kama tunakwenda Lugoba kwa miguu.

"Hodi."

"Karibu. Kaa."

"Sikuja kukaa. Nimesikia unakohoa, nimekuja kukupima presha."

"Kikohozi na presha wapi na wapi?"

"Nani mkunga hapa?"

Bi Mdogo akatoa mkono. Mkunga akafunga kitambaa, akapampu, akatazama namba kwa ukali kama zimemkosea adabu. "Uko sawa," akasema kwa masikitiko. Na kwa kuwa alikwisha inama, akakaa.

Nikaunganisha redio kaseti na laptopu. Nilinasa kanda upande mzima, kuanzia mlio wa kitufe hadi mlio wa kitufe, na mikono yangu niliikalia. Wimbo wa mwisho ukaja. Ukaisha. Makofi yakapigwa, yakapungua. Bi Mdogo akasogeza kiti chake upande wa kulia wa Mkunga, bila kuambiwa. Viti vikaburutwa. Mtu akagonga dumbaki mara mbili bila sababu. Mwanamume akauliza nani amevaa kiatu chake. Na kisha, kwa mbali, sauti ya msichana, nyembamba, ya furaha:

"Dada! Dada, rudi ukae. Kiti chako nimekilinda."

Kitufe kikalia.

"Rudisha," Mkunga akasema. Nikarudisha. "Rudisha tena." Mara ya tatu akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa anamtazama mwenzake.

"Nilikukosea," akasema. Hakupamba. Halafu, kwa kuwa hakuweza kuishi dakika nzima bila ushari: "Lakini hebu tuseme kweli. Ulikilinda kiti, kisha ukakikalia."

"Ulichelewa kurudi," Bi Mdogo akajibu, akivuta uzi.

Nimepata kuona watu wengi wakicheka. Sijaona watu wawili wenye umri ule wakishikana mikono ili wasianguke kutoka vitini. Mashine ya presha ndiyo iliyoanguka.

Nilimwona Mkunga juzi, baada ya Idi. Sikio la kulia limekwisha funga. Ukitaka kumwambia kitu unamwandikia kwenye karatasi, na anakusahihisha mwandiko. Laptopu iko kwa Bi Mdogo, na nilikuwa nimeitwa kwa shida ya kiufundi. Bi Mdogo alimtaka Dirisha arudi, kwa sababu Dirisha anao mchezo wa karata alioujaribu kwa jirani na Ndege hanao. Nikaeleza kwamba Ndege naye ana karata. Akasema si zile. Mkunga hakutaka Ndege aondoke. Nikawaambia, kwa mdomo na kwa karatasi, kwamba mifumo miwili inaweza kukaa kwenye mashine moja, kila mmoja na sehemu yake ya diski, na ukiwasha unachagua.

Mkunga alisoma, akachukua kalamu yangu, akaandika: *Nyumba moja, milango miwili. Nani juu kwenye orodha?*

Nikaandika: *Wewe chagua.*

*Ndege. Ndiye wa mke mkubwa.*

Bi Mdogo akasonya, lakini akakubali. Kabla sijagusa chochote, waliniomba wasikilize kwanza. Sikujua nani atasikiliza nini. Mkunga akaweka kiganja chake kikubwa juu ya spika. Bi Mdogo akakaa kuliani, akaweka mkono wake juu ya kile kiganja, akabofya. Taarabu ikajaa chumbani. Mkunga alikuwa anatazama mdomo wa mwenzake.

Wimbo ukaisha, makofi yakapungua.

"Bado," Bi Mdogo akasema kwa midomo. Viti vikaburutwa. "Bado." Mwanamume akauliza kiatu chake. "Bado."

Kisha akamfinya kidole. "Sasa."

Mkunga akaitikia kwa kichwa. "Kondo hilo," akasema kwa sauti kubwa, ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe, na jirani mmoja nje akaitika.

Kwa hiyo, msikilizaji wangu, chagua Dirisha, chagua Tunda, chagua Ndege, wote watakuimbia. Ila kabla hujabadili mfumo wowote, nakili nyimbo zako zote kwenye diski ya nje bila kuzikata wala kuzisafisha, ichomoe, ichomeke kwenye mashine nyingine, chagua ule wimbo unaoupenda kuliko yote, kisha kaa uusikilize mpaka baada ya makofi.